Mama Amekwenda Kusoma

12 Septemba

Kifungua mimba wangu,

Kabla ya yote niambie mguu wa Bibi yako unaendeleaje, na kama anameza dawa au bado anazificha chini ya mto. Mimi nimefika salama. Begi moja nilifika nalo, lingine likachelewa siku mbili, kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo nilivaa gauni lile lile la safari, mikunjo tupu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu nitampigia Bibi yako. Wewe kwenye simu unanijibu "sawa, haya, sawa," kama mtu anayechungulia iwapo basi lake limefika. Kwenye karatasi itakubidi ujaze mistari.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu: kitanda, meza, na dirisha linalotazama karakana ya baiskeli. Asubuhi naamshwa na nyundo. Jiko tunatumia watu sita, na wote watano wengine ningeweza kuwazaa. Siku ya kwanza niliwahi darasani, nikakaa mstari wa mbele. Vijana wakawa wanaingia mmoja mmoja, wananisalimia kwa adabu, wanakaa kimya kabisa. Kumbe walidhani mimi ndiye profesa. Profesa mwenyewe alipoingia akanitazama, akaniambia taratibu, "Mama, wazazi wanasubiri kule mapokezi." Nikamwambia, "Mimi ni mwanafunzi wako." Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana kulia kusingenisaidia.

Mwanangu, hesabu! Nilijua ni shahada ya uzamili ya uchumi na ekonometriki, nilijua zitakuwepo, lakini nilidhani miaka yote ya kukusanya bei na kupiga wastani kule ofisi ya takwimu imeniandaa. Wiki hizi za mwanzo wanasema ni za kukumbushana: matriki (yale majedwali ya namba), kalkulasi, nadharia ya uwezekano. Wenzangu wanakumbushwa, mimi ndiyo kwanza naletewa. Profesa anasema "ni wazi kwamba," halafu anaruka mistari minne. Giza lote liko kwenye hiyo minne.

Siku ya kuondoka, pale kituoni, hukusema neno. Ulipakia begi langu, ukageuka, ukaenda. Nimelifikiria hilo njia nzima. Kama nimekukosea, sema.

Mama yako

3 Oktoba

Shikamoo Mama,

Barua imefika na nimemsomea Bibi mara mbili. Mguu umepungua uvimbe. Dawa anameza, ila sharti nisimame pale mpaka nione koo linashuka. Ile habari ya profesa ilimchekesha mpaka akashika ubavu. Kisha akaniuliza, "Hivi hasa amekwenda kusoma nini?" Nikamwambia ni uchumi, lakini kwa hesabu nyingi. Akasema, "Uchumi wenyewe haujakaa sawa, sasa wanauongezea na hesabu."

Kazini niko pale pale, dawati la madai ya bima. Wiki hii amekuja mteja mmoja, ameeleza ajali ukurasa mzima, gari limeingia ukutani kwa jirani. Nikamwuliza, "Nani alikuwa anaendesha?" Akanijibu, "Hapo ndipo penye tatizo, dada yangu." Gari lilikuwa halina mtu.

Hukunikosea kitu. Nilikuwa nimechoka tu.

Matriki usizikariri, zichore. Chukulia kila matriki ni kitu kinachosukuma mishale, kinaizungusha au kinairefusha, basi. Sura ya tatu ya kitabu chenu ndiyo ngumu. Ukishaivuka utapumua.

Mwanao

29 Oktoba

Mwanangu,

Wasalimie wote, na Bibi yako mwambie namwota. Nafurahi mguu unanywea.

Umejuaje kitabu chetu? Sikukutajia. Lakini ni kweli, hiyo sura ya tatu nusura inirudishe nyumbani na begi lililochelewa. Nimechora mishale mpaka karatasi zimeniishia, na siku moja asubuhi nikaamka naiona. Sijui nikuelezeje. Ni kama ile siku uliyoanza kusoma maandishi ya kwenye mabango barabarani, ukawa huwezi tena kuyaacha.

Aliyeniokoa ni binti mmoja wa darasani. Ana miaka ishirini na tatu. Akikokotoa, anakokotoa kwa sauti, mdomo hautulii, kwa hiyo nikampa jina la Kasuku. Amelipenda, sasa darasa zima linamwita hivyo. Mimi wao wananiita "mwenzetu." Kompyuta ndiyo inanitesa. Unaiandikia maagizo ipige hesabu za watu elfu kadhaa kwa mara moja, nayo inakujibu kwa maneno mekundu. Kasuku anachungulia begani kwangu: "Mwenzetu, umesahau mabano." Kila siku mabano! Nami namkumbusha kula. Asipokumbushwa anaweza kushinda na chai na kipande cha mkate, macho kwenye skrini. Juzi nimemshonea vifungo viwili vya koti.

Jumamosi alinisuka. Ana mkono mwepesi kama wako, ila yeye havuti. Tulisoma huku ananisuka, yeye anataja swali, mimi najibu kichwa kimeinama. Nikikosea anagonga chanuo mezani.

Mtihani wa kwanza wa ekonometriki ni mwisho wa mwezi ujao. Niombeeni.

Mama yako

18 Novemba

Shikamoo Mama,

Bibi anakohoa. Usishtuke, daktari amemwona, ni mafua. Nakwambia kwa sababu barua yako ilijaa Kasuku. Nilipomsomea Bibi nilimruka huyo Kasuku kila alipojitokeza, barua ikabaki fupi mpaka Bibi akauliza kama huko karatasi zimekuwa adimu.

Sikujua kwamba navuta. Miaka yote hiyo ulikuwa unakaa kati ya magoti yangu unasinzia, nami nikidhani unastarehe. Ungesema.

Huyo binti hana mama? Nauliza tu. Mtu wa miaka ishirini na tatu anashonewa vifungo. Mimi nina ishirini na nne, na koti langu la kazini nimelishona mwenyewe, nalivaa hivyo hivyo, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu.

Kazini wamempandisha cheo yule mwenzangu wa dawati la pili, yule niliyemfundisha kazi. Palikuwa na keki. Mimi ndiye niliyeambiwa nitoe neno la pongezi, na wote walisema nimeongea vizuri. Naona nimekuwa fundi wa kupigia watu makofi.

Kitabu ni cha kawaida, kinatumika vyuo vingi.

Nakutakia mtihani mwema. Ukikwama usiogope, marudio ni Machi.

Mwanao

14 Desemba

Mwanangu,

Pole na kikohozi cha Bibi yako. Mpe maji ya moto na umfunike kifua hata akikataa.

Likizo hii sitakuja. Kuna kazi ya shule inabidi niimalize. Kasuku naye hakwenda kwao, kwa hiyo msinionee huruma, siko peke yangu. Mvua huku haikatiki, na fundi wa baiskeli amefunga karakana.

Mtihani ulikwenda.

Habari za marudio ya Machi umezitoa wapi? Hizo hazimo kwenye kitabu chochote cha kawaida.

Mama yako

5 Januari

Mama,

Leo sianzi na shikamoo. Nitaiweka mwishoni, unisamehe. Bibi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Likizo yote alikuwa anaweka sahani ya tatu mezani, "huenda akatokea." Kila usiku niliiosha, na ilikuwa safi.

Umeuliza nimezitoa wapi. Nimezitoa pale pale ulipozitoa wewe, kwenye tovuti ya chuo, kwa sababu nimeisoma yote, mpaka orodha ya vitabu, na kile kitabu nikakinunua, mpaka kalenda ya mitihani. Niliomba, Mama. Chuo hicho hicho, kozi hiyo hiyo, mwaka huo huo. Wewe ulikuwa unaandika maombi yako sebuleni, mimi naandika ya kwangu chumbani mlango nimeurudisha. Nilitaka nikushtukize na jibu. Sikudhani jibu litanishtukiza mimi.

Unakumbuka ulivyonigongea? Ukasema, "Nisaidie, wanauliza kwa nini nataka kusoma, na kila nikiandika naona nalalamika." Nikakusahihishia. Ile sentensi ya mwisho, kwamba miaka yote umeandika bei zimepanda na sasa unataka kujua ni nini kinachozipandisha, ile uliyosema imekutoa machozi, ilikuwa kwenye maombi yangu. Niliandika kuhusu wewe: "Mama yangu ameandika." Nikabadilisha nikakupa, nikajitafutia nyingine. Nyingine haikuwa nzuri.

Jibu langu liliingia kwenye simu nikiwa kwenye foleni benki. "Tunasikitika." Jioni ukapata lako. Ulipiga kelele jikoni, Bibi akadhani umeungua, mimi nikaja mbio, na wewe ukaninyanyua na uzito wangu wote ukanizungusha. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ilikuwa inanibana paja. Nikapiga vigelegele kuliko wote.

Basi, nakuonea wivu. Wewe, mama yangu mzazi. Nakuonea wivu kiti, na dirisha, na nyundo za asubuhi. Nakuonea wivu hata kichwa kinachokuuma kwa sura ya tatu, maana mimi changu ni kizima kabisa, kinasoma madai ya watu waliogonga mageti yao wenyewe. Na huyo Kasuku namwonea wivu mara mbili. Ana kiti, na ana wewe.

Shikamoo.

Mwanao

22 Februari

Marahaba, mwanangu. Naipokea hata kama ilikuja mwishoni.

Nashukuru kusikia Bibi yako amepona. Mwambie sahani aendelee kuiweka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Nilianza kwa kuomba radhi, nikasoma tena nikaona ni uongo, maana sikujua kitu. Kisha nikaandika kwa hasira. Hiyo hasira ninayo bado kidogo, ngoja niitoe: ulinipa sentensi yako, ukakaa pembeni ukanitazama nikiivaa. Nani alikutuma? Ungeniambia, ningesema usinipe. Ungenipa nafasi ya kukataa.

Sasa na mimi nisikilize. Unadhani wivu ndani ya nyumba ile umeuanzisha wewe? Siku ya mahafali yako nilipiga pasi joho lako. Ulikuwa bafuni. Nikalivaa. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati, na kofia, kisha nikasikia maji yamefungwa, nikalivua mbio kama mwizi. Mimi kwa umri wako nilikuwa nimekubeba mgongoni, na baba yako yuko safarini, safari ambayo baadaye iligeuka makazi. Nafasi ya kusoma ilikuwepo, ikapita. Sikukulaumu hata siku moja. Lakini ulipokuwa unasoma mpaka unalala juu ya vitabu, hakuna kitoto cha kukulilia, hakuna anayekuita, nilikuwa nasimama mlangoni naona wivu. Halafu naingia nakufunika shuka. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Na mtihani nimefeli. Nilipata thelathini na moja. Ndiyo sababu sikuja, nisingeweza kukaa nanyi mezani bila kusema. Kasuku amekuwa wa kwanza darasa zima. Alipokuja kunikumbatia anifariji nilitamani kumsukuma. Binti wa watu, hana kosa lolote. Nimehama kiti, nakaa mstari wa nyuma. Nimemwambia ni kwa ajili ya macho. Mwenye macho mabovu hukaa mbele, na Kasuku si mjinga.

Kinachoniangusha ni lile somo la kipi kinasukuma kipi. Vitu viwili vinatembea pamoja, nitajuaje nani anamvuta mwenzake? Profesa amenieleza mara tatu, na ya tatu akamalizia na "ni wazi kwamba."

Marudio ni tarehe ishirini Machi, kama ulivyosema. Nafikiri nisisubiri aibu ya pili. Ofisini watanipokea. Niambie wewe: nirudi? Utakalosema nitalifuata, na sitakuuliza sababu.

Hii usimsomee Bibi.

Mama yako

6 Machi

Shikamoo Mama. Leo iko mahali pake.

Tuko salama, mimi na Bibi. Barua nimemsomea. Ulinikataza, lakini alinikuta nimekaa nayo kitandani, viatu sijavua.

"Amefeli?" akaniuliza.

"Amefeli."

"Na wewe umefurahi."

"Bibi!"

"Sikusemi. Nauona uso wako tu. Mimi dada yangu alipokimbiwa na mchumba nilikula siku ile nikashiba vizuri. Kisha nikaenda kulala kitanda kimoja naye, nikamshika mkono mpaka akasinzia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe umeshashiba. Kamwandikie."

Ni kweli nilifurahi, Mama. Jioni nzima. Niliandika neno moja, "Rudi," nikalitia kwenye bahasha na stempu nikaibandika. Asubuhi nikaichana bahasha, na usidhani niliichana kwa wema. Nilikuona umekaa pale sebuleni, umerudi kwa neno langu, unanipakulia chakula, huniulizi sababu kama ulivyoahidi. Na mimi bado sina kiti. Nisingeweza kula hicho chakula.

Usirudi. Soma hapa.

Chukua nyanya. Bei ikipanda, watu wananunua chache. Lakini pia watu wakizitaka sana, bei inapanda. Kwa hiyo ukiweka bei upande mmoja na nyanya zilizouzwa upande wa pili, ukaiambia kompyuta ikupe jibu, itakupa jibu, ila halitakuwa na maana, kwa sababu wawili hao wanasukumana. Unachotaka ni kitu cha tatu, kinachogusa bei bila kumgusa mnunuzi moyoni. Mvua, kwa mfano. Mvua kubwa imekata barabara, malori hayakufika, nyanya zimepanda. Hiyo mvua haikumfanya mtu yeyote azipende nyanya wala azichukie. Imegusa lori tu. Sasa angalia ile sehemu ya bei iliyopandishwa na mvua peke yake, na uone watu walipunguza kununua kiasi gani. Hapo, na hapo tu, unajua ni bei iliyomsukuma mnunuzi. Hesabu zenyewe nimeziandika karatasi ya pili, mstari kwa mstari. Hakuna nilioruka.

Nimezinakili nikiwa na kinyongo, utaona kalamu imetoboa mahali fulani. Usimwonyeshe Kasuku.

Jambo la mwisho. Nimeomba tena, chuo hicho hicho. Safari hii nakuambia kabla ya jibu. Na ile sentensi nimeichukua, ni yangu.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Mpe Bibi yako busu la mkono, na lingine ni lako. Nimefaulu. Sitini na mbili! Swali la tatu lilikuwa la kahawa badala ya nyanya, na badala ya mvua waliweka baridi kali iliyounguza mashamba. Nilipoliona nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuona nina nini kwenye dawati.

Nilimwonyesha Kasuku. Najua ulivyosema. Aliniona natabasamu na karatasi, akaninyang'anya, akaisoma kwa sauti kama kawaida yake, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu anaeleza kuliko profesa. Ila mwambie mvua yake inyeshe huko mashambani tu. Ikinyesha na sokoni, wanunuzi nao watabaki majumbani, na hapo hoja yake imelowa."

Usinikasirikie mimi. Mimi nilitetea mvua yako saa nzima.

Nimerudi mstari wa mbele. Nilimwambia Kasuku ukweli kuhusu macho. Akasema alijua, na kwamba yeye alikuwa ananionea mimi wivu kila barua yako ilipofika. Mama yake huwa anamwandikia ujumbe wa maneno matatu.

Ichukue sentensi. Ilikuwa inanibana kidogo mabegani.

Mama yako

19 Juni

Shikamoo Mama,

Wamenikubali.

Nimejaribu kuanza na salamu na habari za mguu, mkono umekataa. Wamenikubali. Nilisoma jibu nikiwa kazini, mteja yuko mbele yangu anaeleza jinsi mbuzi alivyopanda juu ya boneti. Nikamwambia, "Samahani, naomba dakika moja," nikaenda stoo, nikajifungia na mafaili, nikaruka ruka bila sauti. Nikarudi nikamlipa mtu wa mbuzi bila ubishi wowote. Nyumbani Bibi ndiye aliyepiga kelele.

Kasuku yuko sahihi kuhusu mvua. Nilikaa wiki natafuta jinsi ya kumpinga, sikupata, na imeniuma.

Sasa tatizo ni Bibi. Anasema ataishi peke yake, na ameanza mazoezi: jana alijipikia chai, akasahau kuweka maji. Sufuria tumeitupa. Chuo kinaruhusu niahirishe mwaka mmoja mpaka umalize. Nimeshaandika ombi la kuahirisha, halijaenda. Sema wewe.

Mwanao

10 Julai

Mwanangu,

Nimefurahi. Nimeliandika hilo kwanza, peke yake, ili ulione. Msalimie Bibi yako na umwambie sufuria ile ilikuwa ya urithi wake mwenyewe, basi ajilaumu mwenyewe.

Sasa nikwambie na lililo chini ya furaha, maana tumeshazoeana vibaya. Siku mbili za mwanzo sikufurahi. Kule nyumbani na ofisini mimi ni mama wa fulani, binti wa fulani, yule wa bei. Huku nilikuwa "mwenzetu." Hakuna aliyejua nina mtoto hodari mpaka nilipomwambia mwenyewe, siku niliyotaka. Niliposoma barua yako nikaona mlango wa darasa unafunguka, unaingia wewe, kijana, mwepesi, hesabu zote unazo kichwani, na mimi nageuka kuwa mama yake yule, aliyefeli mara ya kwanza. Nikasema moyoni, hata hapa?

Nimeona bora uyasikie kwangu kuliko uyaone usoni mwangu kituoni.

Ombi la kuahirisha lichane. Masomo ya darasani nimeyamaliza, mwaka wa pili ni tasnifu. Ninachotaka kuandika ni kuhusu bei za chakula, na takwimu zote ziko ofisini kwetu, nyingine nilizikusanya mwenyewe kwa miguu. Nimemwomba profesa niandikie nyumbani, amekubali, nitamtumia kila sura. Mwisho wa Agosti nakuja kukaa na mama yangu. Usijipe sifa zote: nimemkumbuka. Na kusema kweli sitaki tukae mstari mmoja, ungenisahihisha mbele za watu.

Tutakuwa pamoja nyumbani wiki moja kabla hujaondoka. Tusigombane.

Mama yako

8 Oktoba

Shikamoo Mama,

Natumaini Bibi anakusikiliza kuliko alivyonisikiliza mimi, na kwamba mmepata sufuria. Wiki ile tuligombana siku tano tu, kwa hiyo tulijitahidi. Tasnifu imefika wapi? Usianze na sura ya kwanza, anza na data, utangulizi utauandika mwisho.

Nimepewa chumba ghorofa ya chini. Dirisha langu linatazama ukuta wa maktaba, na mtu anayepita karibu namwona kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo watu wa hapa nawafahamu kwa suruali. Masomo ni magumu, Mama, magumu kweli. Nilidhani nakijua kitabu. Nilikuwa nakijua kama mtu anayejua kuogelea kwa kusimuliwa. Zoezi la kwanza nimepata nusu ya alama, nikalificha chini ya godoro, kisha nikakumbuka humu hakuna mtu wa kumficha.

Kila mahali wananiuliza habari zako. Mlinzi wa maktaba, dada wa mapokezi, mpaka fundi baiskeli ambaye sikuwahi hata kuona karakana yake. "Hajambo? Anarudi lini?" Najibu vizuri, natabasamu, na nikifika chumbani nakasirika. Nilikuja kuchukua kiti, nimekuta umekijaza ukaondoka.

Aliyenipokea kituoni ni Kasuku. Nilikuwa namfikiria mrefu. Ni mfupi, Mama, ananifika begani, na viatu vyake vimelalia upande mmoja. Mwaka mzima nimemchukia mtu mrefu. Alilibeba begi langu kubwa kwa nguvu, akakataa nisimsaidie, na njia nzima alikuwa anaongea: wapi pa kula, profesa gani wa kumkwepa, mlango upi unakwama. Nikawa namjibu "sawa, haya, sawa."

Tulipofika kwenye ngazi akasimama kupumua. Akasema, "Mama yako alikuwa hafungui barua zako mbele za watu. Kuna moja ilimliza. Nilimkuta hapa hapa kwenye ngazi, amekaa, koti hajavua, nikakaa naye mpaka taa za ukumbini zikazimwa. Aliniambia..."

"Usiniambie," nikamkatiza.

Nadhani hajazoea kukatizwa.

"Nitamwuliza mwenyewe," nikamwambia. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwa hiyo nikachukua upande mmoja wa begi, tukaliteremsha pamoja mpaka mlangoni. Jana amekuja kunigongea tukasome. Nimemfungulia.

Lakini hilo la ngazini sitaki kulisikia kwake. Yako yaliyobaki na yabaki kwake, mabano na vifungo na vyote, hilo moja nataka unipe mimi. Ilikuwa barua ipi, Mama? Na ulimwambia nini? Usiniandikie kwamba umesahau.

Mwanao